Mavazi, Heshima na Uhuru wa Mtu

Binadamu huzaliwa uchi, lakini haachwi uchi kwa muda mrefu. Kabla hajalijua jina lake huvikwa nguo, hunyolewa nywele za utotoni, na pengine hutiwa wanja au kuvishwa shanga. Yote hayo hutendwa na watu wengine, kwa kufuata desturi ambazo yeye hakuulizwa. Akisha kukua huanza kujichagulia mwenyewe: nywele azisuke au azinyoe, nguo iwe fupi au ndefu, ya kubana au ya kupwaya. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo tumekusudia kulichunguza katika insha hii. Sura ya mtu ni mali ya nani? Je, ni mali yake peke yake, aitumie apendavyo, ama jamii nayo ina fungu lake katika sura hiyo?

Wapo watakaodhani kwamba swali hili ni dogo, halistahili kuwashughulisha watu wenye kazi ya kujenga taifa. Lakini tukiitazama historia ya nchi zetu tutaona kwamba kwa ajili ya swali hili watu wamezomewa, wamenyimwa usafiri, wamefukuzwa shule, na hata kuvuliwa nguo hadharani. Jambo linalomfanya mtu amwinulie mwenzake mkono haliwezi kuwa dogo. Zaidi ya hayo, ni swali linalomgusa kila kijana aliye shuleni leo, kwani hakuna umri ambao mtu huitazama sura yake katika kioo kwa wasiwasi zaidi kuliko umri wa ujana.

Vazi ni kauli

Kwanza hatuna budi kukubaliana juu ya vazi lenyewe. Kazi yake ya asili ni kumkinga mtu na jua, baridi na mwiba. Lakini kama ingekuwa hiyo tu, watu wangeridhika na gunia. Vazi hunena. Anayepita njiani akiona watu wamevaa kanzu na kofia nyeupe wakielekea upande mmoja siku ya Ijumaa, hana haja ya kuuliza waendako. Akiona wanawake wamejitanda kanga, wanatembea polepole na kusema kwa sauti za chini, hujua kwamba pana msiba. Na kanga yenyewe haikutosheka kunena kwa rangi na maua. Imeandikwa maneno, nayo maneno hayo huweza kumbembeleza mpenzi, kumshukuru mama au kumpiga kijembe jirani pasipo mvaaji kufumbua kinywa.

Kwa kuwa vazi hunena, waliokuwa na nguvu walitaka siku zote kuamua nani aseme nini. Katika Unguja ya karne ya 19, mtumwa alitambulikana kwa nguo yake. Wanawake watumwa walijifunga kaniki, kitambaa cheusi kisicho na nakshi. Kofia, viatu na kitambaa cha kufunika kichwa vilikuwa alama za waungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kujifananisha nao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuifuta hali ya utumwa ikatolewa mwaka 1897. Baada ya hapo waliokuwa watumwa hawakungoja wapewe ruhusa nyingine. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliitupa kaniki wakajifunga kanga za rangi za kung'aa, na baadaye wengi wakavaa buibui, vazi ambalo lilipoingia visiwani lilihusishwa na wanawake wa tabaka la juu. Kwa watu hao kubadili nguo hakukuwa urembo mtupu. Kulikuwa kutangaza, bila ya hotuba, kwamba mtumwa wa jana ni mtu huru leo.

Tuyatie maanani mambo mawili katika habari hiyo. Jambo la kwanza ni kwamba uhuru wa kujichagulia sura si anasa iliyoletwa juzi kutoka ng'ambo. Babu na bibi zetu waliujua uzito wake, kwa sababu waliwahi kunyimwa. Jambo la pili ni kwamba kanga na buibui, ambavyo leo tunavitetea kama desturi ya kale, vilikuwa katika siku zao mitindo mipya, na waliovivaa walikuwa wanaivunja desturi iliyokuwapo. Uhuru wa jana umekuwa mila ya leo. Anayeitetea mila asisahau kwamba anatetea uchaguzi wa watu waliothubutu.

Ushahidi wa namna hiyo tunaupata pia katika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950. Alipotoka shamba na kuanza kupata jina mjini, mahasidi wake hawakuweza kuitia dosari sauti yake; wakamsimanga kwa asili yake, kwa uso wake na kwa kaniki aliyoingia nayo mjini. Siti aliwajibu kwa wimbo wenye hoja kwamba uzuri wa sura na ukoo haviwezi kushindana na akili. Leo majina ya waliomcheka hayakumbukwi, ilhali Shaaban Robert aliona fahari kumwandikia wasifu.

Hoja ya jamii

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitupa hoja ya jamii kabla ya kuisikiliza. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa, nao hawakusema hivyo kwa kuwachukia vijana. Walijua kwamba mtu haishi peke yake kama mbuyu katikati ya mbuga. Macho ya wengine yapo, na kila tuvaalo huwafikia wao kabla ya kutufikia sisi, maana mvaaji haioni sura yake ila kwa kioo, lakini jirani humwona mchana kutwa.

Katika Kiswahili tuna neno heshima, na maana yake ni pana. Heshima haikai kwa mtu mmoja. Huenda na kurudi. Anayeitoa ndiye anayeipata. Mtu anayekwenda msibani akiwa amevaa nguo za sherehe huwaambia wafiwa kwamba machungu yao hayamhusu. Ataweza kusema, "Mwili ni wangu na nguo ni yangu," na maneno hayo yatakuwa kweli; lakini wafiwa nao wana haki ya kuhuzunika bila ya kudhihakiwa. Kadhalika muuguzi anayeacha kucha ndefu, au fundi anayesimama mbele ya mashine inayozunguka akiwa na shuka inayoning'inia, hawezi kusema kwamba sura yake ni shauri lake tu. Kucha zinaweza kumdhuru mgonjwa, na shuka inaweza kumnasa fundi na wenziwe waliokuja kumwokoa.

Pana hoja nyingine ya jamii, nayo ni ya historia. Ukoloni haukutawala ardhi na mazao peke yake. Ulitawala pia macho ya watu. Uliwafundisha kuamini kwamba nywele zao ni mbaya mpaka zinyooshwe, ngozi yao ni mbaya mpaka ing'arishwe, na nguo zao ni za kishenzi mpaka zifanane na za mtawala. Mwalimu Nyerere aliliona jambo hilo. Alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika mnamo Desemba 1962 alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wengi wa waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya ilhali ngoma za kwao hawakuzijua, na pengine hawakuwahi hata kuzisikia. Basi taifa changa lilikuwa na haki ya kuuliza: je, tunaposema tumejichagulia mavazi, ni sisi tuliochagua, au ni kasumba iliyotuchagulia?

Swali hilo lilikuwa halali. Ugomvi ulitokea katika namna ya kulijibu.

Pale mkono ulipotangulia neno

Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kuanzisha kampeni iliyojulikana kwa jina la Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana vilipigwa marufuku kwa kuwa ni kinyume cha utamaduni wa taifa. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vikundi vya vijana mjini Dar es Salaam viliwaandama wanawake katika vituo vya mabasi, vikiwazomea na kuwashambulia kwa sababu ya nguo zao.

Mjadala mkali ulizuka magazetini. Walikuwapo walioiunga mkono operesheni hiyo kwa dhati, wakiona kwamba ni wakati wa taifa kujirudishia heshima yake. Lakini walikuwapo pia waliouliza maswali ambayo mpaka leo hayajapoteza makali. Kama kosa la kimini ni ugeni wake, je, suti na tai si ngeni? Mbona wanaume waliovaa suti ofisini hawakuandamwa? Na kama ni kurudi kwenye asili, je, asili gani, maana babu zetu wengi walivaa ngozi na magome ya miti, nguo ambazo zisingefika magotini? Ilikuwa dhahiri kwamba mzigo wa kulinda utamaduni wa taifa zima ulikuwa umetwishwa mabegani mwa wanawake, na hasa wasichana wa mjini waliokuwa wanaanza kupata mishahara yao wenyewe.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1960, shinikizo lilikwenda pia upande wa pili kabisa. Wamasai walitakiwa kuacha lubega na ngeu nyekundu wanayojipaka, wavae suruali na mashati, kwa hoja kwamba mavazi yao yaliliaibisha taifa lililotaka maendeleo. Kwa hiyo msichana wa Dar es Salaam alilaumiwa kwa kuiacha asili, na moran wa Arusha akalaumiwa kwa kuishika. Leo picha ya Mmasai aliyevaa lubega hupamba matangazo ya kuwaalika watalii, na hakuna anayeiita aibu. Iwapo jambo lililokuwa aibu ya taifa limegeuka fahari ya taifa ndani ya maisha ya mtu mmoja, basi yatupasa tuwe wanyenyekevu tunapotamka ni lipi la aibu na ni lipi la fahari.

Nchi jirani zilipita njia hiyohiyo. Malawi ilitunga sheria mwaka 1973 iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zisizofika magotini. Sheria hiyo ilifutwa utawala wa chama kimoja ulipofikia ukingoni katika miaka ya mwanzo ya 1990. Lakini mnamo Januari 2012, karibu miaka 20 baadaye, wanawake waliovaa suruali walishambuliwa na kuvuliwa nguo mitaani katika miji ya nchi hiyo, mpaka wananchi wakaandamana kuwatetea. Sheria ilikuwa imekufa, lakini mkono uliozoea kuadhibu ulikuwa hai. Katika Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rais Mobutu alizikataza suti na tai kwa jina la kurudi kwenye uhalisi wa Kiafrika, akahimiza vazi lililoitwa abakosti, ambalo mshono wake ulifanana na koti la Kichina na jina lake lilitokana na maneno ya Kifaransa. Mwaka 1990 alipolegeza kamba, wengi walikimbilia tai zao. Vazi la ukombozi lilikuwa limegeuka sare ya utiifu.

Katika Kenya, mnamo Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha magari mjini Nairobi kwa madai kwamba amevaa vibaya. Siku chache baadaye mamia ya watu, wanawake kwa wanaume, waliandamana mjini humo wakidai kwamba vazi ni uchaguzi wa mvaaji. Mwaka huohuo sheria iliongezwa ili kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwe kosa la jinai lenye adhabu kali.

Sitara na mwenye kuivunja

Hapa ndipo tunapotaka kusimama kidogo, maana ndipo kiini cha jambo kilipo. Wanaomvua mwanamke nguo barabarani husema kwamba wanatetea mila. Je, ni mila ipi?

Tuyatazame mafundisho ya makabila yetu juu ya adabu ya mavazi. Msichana wa pwani alikabidhiwa kwa kungwi au somo yake. Katika makabila mengi ya bara alikuwa na bibi na mashangazi. Mvulana alikuwa na jando na wazee wake. Namna ya kuvaa, kukaa, kupita mbele ya wakubwa na kujisitiri, yote yalifundishwa. Lakini yalifundishwa ndani, faraghani, na mtu aliyepewa dhamana ya kufundisha, kwa mtoto ambaye alikuwa wake kwa damu au kwa malezi. Aliyekosea alivutwa kando akanong'onezwa. Bibi aliyeona upande wa kanga wa mjukuu umelegea hakupiga yowe. Alimfunika kwa upande wa kanga yake mwenyewe, kisha alimkaripia nyumbani.

Neno lenyewe tunalolitumia ni sitara. Kusitiri ni kufunika, na hufunika si mwili tu bali pia aibu na upungufu wa mwenzako. Nguo ni sitara, na ulimi uliotulia nao ni sitara. Basi mtu anayemchania mwenziwe nguo mbele ya umati ati kwa sababu haikumsitiri vya kutosha, ameiondoa hata ile sitara kidogo iliyokuwapo. Hakuilinda mila bali ameivunja mahali palipo patakatifu zaidi. Ikiwa aliyevaa nguo fupi alikosa haya, aliyemvua alikosa utu. Na katika mizani ya wazee wetu, kukosa utu ni kosa kubwa kupita yote.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja: haki ya kuonya hupimwa kwa ukaribu na dhamana. Mzazi ana haki kubwa ya kumwonya mwanawe, mwalimu ana haki ya kumwonya mwanafunzi wake, rafiki ana haki ya kumwambia rafiki, naye mpita njia ana haki ndogo mno, pengine ya kugeuza uso tu. Lakini hakuna kati ya hao, aliye karibu wala aliye mbali, mwenye haki ya kudhalilisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, kama ilivyoongezewa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, inatambua usawa wa watu wote na haki yao ya kuheshimiwa utu wao. Katiba hiyohiyo inakumbusha pia kwamba mtu asiutumie uhuru wake kwa namna inayovunja haki za wengine. Mambo hayo mawili hayapingani. Ni pande mbili za kanga moja.

Uhuru usio uhuru

Baada ya kuikosoa jamii, inatubidi tugeuke tumtazame naye kijana anayesema, "Navaa nipendavyo." Tunamwuliza kwa upole: umependa wewe, au umependeshwa?

Katika miaka ya 1970 vijana wengi wa mijini walivaa bugaluu na viatu vya raizoni, wakiamini kwamba wamejitenga na uzee na desturi. Lakini ukiwatazama walivyopanga mstari mlangoni mwa ukumbi wa dansi, walifanana kama askari wa kikosi kimoja. Hawakuwa wameikimbia sare; walikuwa wamebadili mtoaji wa sare. Leo mtoaji huyo ni mfanyabiashara aliye mbali, na picha zake humfikia kijana mkononi saa zote kwa simu. Amri ya mtindo ni kali kuliko amri ya mzee wa kijiji, kwa sababu mzee alitaka utii mara moja, lakini mtindo hudai utii mpya kila msimu, na kila utii una bei yake. Anayevunja mila kwa kuogopa kuchekwa na wenzake si huru zaidi kuliko anayeifuata kwa kuogopa kuchekwa na wazee. Woga ni uleule.

Mfano ulio mchungu kuliko yote ni wa mkorogo. Katika miji yetu wapo watu wanaojipaka sabuni na marhamu za kuichubua ngozi. Baadhi ya vitu hivyo vina zebaki, sumu inayoweza kudhuru figo na ubongo. Vingine vina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa meusi yasiyotoka. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, umeviweka vipodozi vyenye zebaki miongoni mwa bidhaa zinazopaswa kuondolewa sokoni. Mtu anayejichubua hatumii uhuru wake vizuri, hilo ni wazi. Lakini tukumbuke nani aliyemfundisha kuichukia ngozi yake. Ni jamii ileile inayomcheka akiwa mweusi, inayosema "mzuri, mweupe" kana kwamba ni neno moja, kisha ikamcheka tena akiisha kuchubuka. Kumpiga marufuku mnunuzi na kuliacha tusi likiendelea kutamkwa nyumbani, kazini na shuleni ni kukata majani na kuacha mzizi. Serikali ina wajibu wa kuizuia sumu. Sisi wengine tuna wajibu wa kuyazuia maneno yanayoipatia sumu hiyo soko.

Wala tusidhani kwamba mila za zamani hazikuwa na maumivu yake. Wanawake wa Kimakonde walitobolewa mdomo wa juu na kutiwa ndonya, wakachanjwa chale usoni. Makabila kadhaa yalichonga meno. Kwa wenyewe ulikuwa uzuri, na ulikuwa alama ya kutambuana. Hata hivyo, waliochanjwa walikuwa watoto wasioulizwa, na baada ya muda vizazi vipya vikaona kwamba mtu anaweza kuwa Mmakonde kamili bila ya ndonya. Umakonde haukufa, lugha, ngoma na uchongaji wa vinyago vingali hai. Hivyo ndivyo utamaduni unavyoendelea: wenyewe huuchuja, wakabakiza kilicho kiini na kuacha kilichowaumiza. Mchujo wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa fimbo ya mgeni, wala kwa zomeazomea ya wenyeji.

Mizani

Basi tufanyeje? Tunapendekeza kwamba kila desturi au kanuni inayohusu sura ya mtu ipimwe kwa maswali manne. Kwanza, je, inazuia madhara ya kweli, au inazuia tu kuchukizwa kwa macho? Kucha za muuguzi ni madhara. Suruali ya mwanamke si madhara. Pili, je, inawabana watu wote kwa usawa, au inawabana wanawake, maskini na vijana huku ikiwaacha wenye nguvu? Tatu, je, ina mahali na wakati wake, au inataka kumfuata mtu kutoka msibani mpaka chumbani kwake? Nne, je, inatekelezwa kwa mafundisho na taratibu zinazojulikana, au kwa mikono ya yeyote aliyekasirika?

Tuchukue sare ya shule, jambo linalowahusu wasomaji wetu. Sare huzima majivuno ya mtoto wa tajiri na kuificha dhiki ya mtoto wa maskini, huwabana wote, ina mahali na saa zake, na kanuni zake huandikwa. Kwa hiyo twaona kwamba sare inaipita mizani hiyo vizuri, mradi bei yake isiwe ukuta wa kumzuia mtoto kuingia darasani. Suala la nywele ni gumu zaidi, kwa maana mwanafunzi huivua sare jioni, lakini kichwa kilichonyolewa hakivuliwi. Shule inayotaka nywele fupi kwa ajili ya usafi na kuokoa muda ina hoja ya haki. Lakini mtoto ambaye nywele zake ni sehemu ya imani yake naye ana hoja. Mahakama Kuu ya Kenya, mwaka 2019, iliamua kwamba haikuwa halali kumtoa shuleni mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake, na mahakama ya Malawi ikatoa uamuzi wa mwelekeo huohuo mwaka 2023. Maamuzi hayo hayakuvunja nidhamu ya shule. Yaliziambia shule kwamba kanuni iliyo njema kwa wengi lazima iwe na mlango wa kupitia mwenye sababu iliyo nzito.

Walimu wanaweza kufanya kazi kubwa hapa. Mwalimu anayetoa sababu ya kanuni humfundisha mwanafunzi kufikiri. Mwalimu anayemkata mwanafunzi nywele mbele ya gwaride la asubuhi huku wenzake wakicheka humfundisha kwamba mwenye mkasi ndiye mwenye haki. Mwanafunzi huyo akikua atautafuta mkasi wake naye. Tukishangaa kwamba kituoni pana kundi la vijana wanaomzingira msichana, tujiulize vijana hao waliona nini walipokuwa wadogo.

Kwa vijana nasi tuna neno. Uhuru wa kujichagulia sura ni wenu, na wapo waliouteseka kabla yenu. Msiuuze kwa bei rahisi. Ulizeni juu ya kila vazi na kila mtindo: nimeuchagua kwa sababu gani, unanigharimu nini, na unawaambia nini watu ninaoishi nao? Mkiwa na jibu, vaeni bila ya woga. Msipokuwa nalo, huenda mmevaa nguo ya mtu mwingine hata kama mmeinunua kwa fedha zenu, na wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa wazee na jamii nzima tunasema kwamba mila yenye nguvu haihitaji rungu. Kanga imeishi zaidi ya miaka 100 bila ya sheria yoyote ya kumlazimisha mwanamke kuivaa. Imeishi kwa sababu ni nzuri, ni ya bei nafuu, hubeba mtoto, hufunika maiti, na husema yasiyosemeka. Desturi ambayo haiwezi kuishi ila kwa kuwapiga wanaoiacha, wenyewe wamekwisha kuipima wakaiona haiwafai. Tuwaonyeshe vijana uzuri wa tulivyo navyo, tuwaachie nafasi ya kuchagua, na wakichagua tofauti na sisi, tuwasitiri kwa upande wetu wa kanga huku tukiendelea kuzungumza nao.